Kizibo cha Nyuma cha Gobori: Dalili za Hatari na Namna ya Kuizuia



Mazungumzo haya yahusu kipande kidogo cha chuma ambacho wengi hawajapata kukiona, ijapokuwa bunduki yenye kipande hicho wameiona, au wamesikia habari zake kwa wazee. Bunduki hiyo ni gobori, yaani ile ishindiliwayo baruti na risasi kwa mbele, katika mdomo wa mtutu. Kipande chenyewe ni kizibo kinachofunga mtutu kwa nyuma. Mpigaji anapoliweka gobori begani, kizibo hicho huwa mbele ya uso wake, shibiri moja au mbili tu kutoka jicho lake. Kikishindwa kazi, mtu hupoteza jicho, au mkono, au uhai wake.

Neno kubwa la kushikwa ni moja. Kizibo cha gobori huharibika kwa ndani, polepole, bila kelele. Kwa hiyo bunduki iliyolia vizuri jana haiwezi kuwa ushahidi kwamba italia salama leo.

MAGOBORI YALIVYOFIKA BARA

Katika karne ya 19 bunduki nyingi ziliingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya Unguja, zikapelekwa bara na misafara. Nyingi zilitengenezwa Birmingham katika Uingereza na Liège katika Ubelgiji. Nyingine zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizouzwa kwa bei ndogo majeshi hayo yalipopata bunduki mpya za kutiwa risasi kwa nyuma. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana kuzuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini bunduki za gumegume zisizochongwa mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa nafasi ya kuuzwa. Hivyo bunduki ya kizamani ndiyo iliyoendelea kuwafikia watu.

Nchi hii nayo ilikuwa njiani. Mahali palipo mji wa Kitale palikuwa kituo cha misafara kabla mji haujajengwa, na kwa Mumia misafara ilipumzika na kununua chakula. Mwaka 1895 Wabukusu walipopigana na jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley katika ngome za Lumboka na Chetambe, bunduki zilikuwa sehemu ya ugomvi wenyewe.

Habari hizi zatajwa kwa sababu moja. Gobori la siku zile likionekana leo katika dari ya nyumba ya mzee, lina umri upatao miaka mia na zaidi, na huenda lilikuwa limechakaa hata siku liliponunuliwa.

KAZI YA KIZIBO

Mtutu wa gobori ni bomba lililo wazi pande zote mbili. Fundi hukata hesi, yaani mifuo ya parafujo, ndani ya mwisho wake wa nyuma, kisha hukaza humo kizibo cha chuma chenye hesi zinazolingana. Aghalabu kizibo hicho huwa na mkia unaolala juu ya mti wa bunduki, na mkia huo hushikwa kwa parafujo ili mtutu usicheze. Ubavuni, karibu na kizibo, pana tundu ndogo inayopeleka moto ndani. Katika bunduki ya gumegume moto hutoka katika cheche za jiwe. Katika bunduki ya fataki moto hupita katika kifa, ambacho ni kile kichuchu kinachovishwa fataki.

Baruti ikiwaka hugeuka moshi wa moto mkali kwa nukta moja, na moshi huo husukuma kila upande kwa nguvu inayopita mara nyingi sana nguvu ya upepo uliomo katika gurudumu la lori. Risasi yaweza kukimbia mbele. Kizibo hakina pa kukimbilia, bali hutakiwa kusimama palepale na kuyapokea mapigo yote, kila mara bunduki inapolia. Kinachokishika ni zile hesi chache tu. Zikiliwa na kutu, kizibo huwa kama mlango wa chuma uliofungwa kwa kamba mbovu.

ADUI WA KWANZA: CHUMVI YA BARUTI

Baruti nyeusi huchanganywa kwa shura, makaa na kiberiti, kwa kadiri ya sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Watu wengi hudhani kwamba ikiwaka huisha yote. Sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu, na vingi katika hivyo ni chumvi. Sehemu moja hutoka pamoja na moshi, na sehemu nyingine hugandamana ndani ya mtutu, hasa huko nyuma kabisa, pale kizibo kinapokutana na ukuta wa mtutu.

Chumvi hizi huvuta maji yaliyomo hewani. Kila mwenye jiko anajua jinsi chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika inavyolowa. Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake huanza mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea miezi mingi. Bungoma nayo ni nchi ya mvua nyingi. Gobori lililopigwa likawekwa bila kuoshwa katika hewa ya namna hii huanza kuliwa na kutu upesi sana. Fataki za kizamani ziliongeza ubaya, maana nyingi zilikuwa na dawa iliyoacha chumvi inayofanana na ile ya chakula, nayo ni adui mkubwa wa chuma.

Hapa ndipo watu wengi walipokosea. Mwenye bunduki alipitisha kitambaa chenye mafuta, akaona mtutu unang'aa, akaridhika. Lakini mafuta hayayeyushi chumvi. Yakipakwa juu yake huifunika tu, na chini ya kifuniko hicho kutu huendelea kula chuma. Kiondoacho chumvi ni maji. Mafuta yana kazi yake, lakini ni ya mwisho, baada ya maji kufanya yake na chuma kukauka.

Yafaa kukumbuka nati ya baiskeli iliyokaa miaka bila kutiwa grisi. Kwa nje yaonekana nzima, lakini siku ya kuifungua hesi zake hutoka kama unga. Hali ya kizibo cha gobori ni hiyohiyo, ila nati ya baiskeli haikuelekezwa usoni mwa mtu.

ADUI WA PILI: SHINDO LILILOPITA KIASI

Kizibo kizima chaweza kuharibiwa kwa siku moja. Sababu ya kwanza ni baruti kutiwa kwa kukisia badala ya kupimwa. Ya pili ni kushindilia mara mbili, kwa kuwa mtu alisahau kwamba bunduki ilikwisha kushindiliwa. Ya tatu ni risasi kutofika chini. Risasi ikisimama katikati ya mtutu na kuacha nafasi tupu kati yake na baruti, huwa kama kizuizi, na mtutu waweza kuvimba au kupasuka. Ya nne ni uchafu, au mavi ya wadudu waliojenga ndani, kuziba njia.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kutia baruti isiyo yake. Tangu miaka ya 1880 bunduki za kisasa zimetumia baruti isiyotoa moshi mwingi, na nguvu yake si sawa na ile ya baruti nyeusi. Baruti hiyo ikitiwa katika gobori, hata kidogo, yaweza kung'oa kizibo au kupasua mtutu mara ya kwanza. Mtu asidanganyike kwa kuona kwamba zote mbili huitwa baruti.

ADUI WA TATU: MKONO WA ASIYE FUNDI

Kizibo kikiganda, wengine hukichoma moto ili kilegee, na moto huo hugeuza tabia ya chuma. Wengine hukipiga kwa nyundo mpaka hesi zinalala. Kikilegea, hufunga kitambaa katika hesi ili kikaze, au huchomelea ufa kwa nje. Kazi ya namna hii hupendeza macho, wala haina nguvu. Baya zaidi ni bunduki zilizotengenezwa kwa siri kwa mabomba ya maji. Bomba la maji halikufanywa lizuie baruti, na mshono wake waweza kufunguka kama ganda la njugu.

Mafundi wa kale walijua hatari hii. Huko London mitutu ilipimwa kwa amri tangu mwaka 1637, na Birmingham ilipata nyumba yake ya kupimia mwaka 1813. Mtutu ulitiwa baruti nyingi kuliko kawaida, ukapigwa bila mtu kuushika, na uliosalimika ukagongwa muhuri. Mwenye gobori lenye muhuri huo asijivune kupita kiasi. Muhuri waeleza hali ya mtutu siku ile ulipopimwa, wala hauelezi kutu ya miaka mia iliyofuata.

KABLA YA KUTAZAMA

Kila gobori lihesabiwe kuwa limeshindiliwa mpaka ithibitishwe kwamba ni tupu. Baruti nyeusi iliyokaa kavu ndani ya mtutu yaweza kuwaka hata baada ya miaka mingi mno. Aliyeishindilia huenda amekwisha kufa, na baruti yake bado yamngoja mjukuu. Wala maji si dawa ya kutegemewa peke yake, kwa kuwa baruti iliyolowa ikikauka yaweza kuwaka tena.

Fundi wa bunduki mwenye leseni hupima kwa mdeki wa mti au wa shaba. Huhakikisha kwanza kwamba hakuna fataki juu ya kifa, wala baruti katika kisahani cha gumegume. Kisha huushusha mdeki polepole, yeye mwenyewe akiwa amesimama kando ya mdomo wa mtutu. Mdeki ukigota, hutia alama pale unapotokea mdomoni, huutoa, na huulaza nje sambamba na mtutu. Ukifika mahali kilipo kizibo, mtutu ni tupu. Ukiishia mbele ya hapo, ndani mna kitu, na kitu hicho chaweza kuwa baruti na risasi.

Asiye fundi asijaribu kukitoa. Asitie moto, asitoboe, asipulize kwa kinywa, wala asichungulie ndani. Na asiseme, “Na tulipige tuone.” Maneno hayo yamewaponza watu wengi.

DALILI ZA KIZIBO KIBOVU

Gobori likishathibitishwa kuwa tupu, fundi hutazama dalili hizi.

Kwanza, mstari wa masizi, au wa kutu nyekundu, kuzunguka mahali kizibo kinapokutana na mtutu. Masizi yaonyesha kwamba moshi wa moto umepata njia ya kupita kati ya hesi. Mahali moshi unapopita mara moja, mara ya pili hupita kwa urahisi zaidi, maana hukikata chuma kama maji yakatavyo udongo.

Pili, alama zisizokutana. Mafundi wengi walikata mstari mmoja chini ya mtutu, nusu juu ya mtutu na nusu juu ya kizibo. Nusu hizo zikiwa zimeachana, kizibo kimezunguka, au kimefunguliwa na mtu asiyekirudisha mahali pake.

Tatu, mkia wa kizibo ulioinuka, na mti uliopasuka au kuwa mweusi nyuma yake. Mti hausemi uongo. Ukiwa umesukumwa nyuma, kuna kitu kilichousukuma.

Nne, kifa kilichopanuka tundu au kulegea, ama kinyundo kilichokuwa kikirushwa nyuma kila bunduki inapolia. Hapo moto umezoea kutoka kwa nyuma. Kifa kikiruka, hukimbia kama risasi, na njia yake ni karibu na uso wa mpigaji.

Tano, kitambaa kilichopitishwa mpaka chini kikirudi na unga mwekundu, hata baada ya kuoshwa mara nyingi. Kutu hiyo yatoka katika vishimo vya ndani, na vishimo karibu na kizibo ni vibaya kuliko vya mbele, kwa sababu hapo ndipo mkandamizo ulipo mkubwa.

Sita, kizibo chenyewe kikisha kufunguliwa. Hesi zilizo nzima zina ncha safi na hukaza sawasawa mpaka mwisho. Zilizokwisha huwa butu, zimemeguka au zimelala upande mmoja, na kizibo hucheza kabla ya kukazwa. Dalili moja ya namna hii yatosha kulitoa gobori kazini. Hakuna haja ya kungoja ya pili.

KUZUIA

Katika sehemu nyingi za Tanzania magobori yameendelea kutumiwa kwa leseni kulinda mashamba. Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka 1977. Hata hivyo, kanuni za kulitunza gobori ni zilezile kwa mlinzi wa shamba, kwa mwenye cheti, na kwa mtunza vitu vya kale.

Siku ileile bunduki ilipopigwa ioshwe, wala isingoje kesho. Baada ya kuhakikisha kwamba ni tupu, mtutu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kidogo, kitambaa kikipelekwa mpaka kwenye uso wa kizibo. Maji hubadilishwa mpaka yatoke safi. Faida ya maji ya moto ni kwamba chuma hupata joto na kukauka upesi. Vitambaa vikavu hufuata, kisha mafuta membamba. Siku ya pili au ya tatu kitambaa kipitishwe tena. Kikitoka chekundu, kazi irudiwe.

Kifa nacho kitolewe kwa ufunguo wake, kioshwe, na hesi zake zipakwe grisi kidogo. Kizibo chenyewe kisifunguliwe mara kwa mara na mwenyewe. Kifunguliwe na fundi, kwa chombo kinachokishika sawasawa na mtutu ukiwa umebanwa vizuri, kisha kirudishwe mpaka alama zake zikutane.

Baruti ipimwe kwa kipimo kimoja kisichobadilika, nayo iwe baruti nyeusi tu. Mdeki utiwe alama mbili, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu ulioshindiliwa. Kwa alama hizo mtu hujua kama risasi imefika chini, na kama bunduki ilikwisha kushindiliwa. Kinyundo kisiangushwe ovyo juu ya kifa kitupu. Na bunduki ihifadhiwe mahali pakavu palipofungwa kwa kufuli, mbali na watoto, mbali na jiko, na mbali na baruti.

SILAHA ALIYOIACHA MZEE

Yapo mambo yanayoweza kutokea katika nyumba yo yote ya Trans Nzoia au Bungoma. Mzee afariki, vitu vyake vyagawanywa, na juu ya dari chaonekana kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Vijana hufurahi, watoto hukusanyika, na kila mmoja ataka kukishika.

Wakubwa wa nyumba wawatoe watu wote, na mdomo wa mtutu usielekezwe kwa mtu ye yote. Bunduki iachwe palepale ilipo, na habari ipelekwe kwa chifu au kituo cha polisi, ili wenye ujuzi waje kuichukua. Kuibeba barabarani au ndani ya matatu, hata kwa nia njema ya kuipeleka polisi, ni hatari kwa abiria na ni hatari kwa mbebaji mbele ya sheria. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, yataka mwenye silaha awe na cheti. Mtu asijiamulie mwenyewe kwamba gobori, kwa sababu ya uzee wake, limetoka katika sheria hiyo. Aulize kwanza.

Na ikiwa jamaa waona kwamba silaha ile ni kumbukumbu ya ukoo, wasidhani kwamba njia pekee ya kuiheshimu ni kuificha. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na makumbusho yaliyoanzishwa na Luteni Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926 na kufunguliwa katika jengo lake la sasa mwaka 1974, yahifadhi vitu vingi vya watu wa sehemu hizi. Baada ya polisi kupewa habari na fundi kuithibitisha kuwa tupu, jamaa waweza kuuliza kama kitu hicho chafaa kuhifadhiwa, jina la mwenyewe na habari zake zikaandikwa. Hapo wajukuu wataiona bila kuiogopa.

Wazee husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba, ukuta ulioanguka hujengwa upya kwa udongo na jasho. Kwa mwenye gobori, ufa ulio katika hesi za kizibo haumpi nafasi hiyo, maana jicho lililopofuka halijengwi. Basi kila aliye na silaha ya namna hii aichunguze kwa mkono wa fundi, au aitoe nyumbani mwake kwa njia ya haki, kabla haijalia tena.